Shamba Lililokua Munje

Mjukuu wangu Mwanakombo,

Kwa heshima zote, ukoo mzima unatangaziwa kwamba kuku mwekundu wa bibi yako amekubali kutaga tena. Shikamoo yako tumeipokea. Sote wazima, alhamdulillahi.

Waniuliza kama ulimwengu unapanuka kweli, kama asemavyo mwalimu wako, au pana sababu nyingine ya kuonekana hivyo. Nilipokuwa kijana hapa kijijini Munje, jirani yetu Mzee Bakari alimshtaki baba yangu kwa wazee kwamba anasogeza mpaka. "Shamba lako linafura kila mwaka," alimwambia, "linameza minazi yangu." Wazee wakalipima kwa kamba ya katani, likazidi kipimo cha zamani. Tulikuwa karibu kupokonywa minazi yote ya ukingoni.

Nikasimama. "Wazee wangu, mvua inanyesha tangu alfajiri, na katani ikilowa hufupika. Shamba halikukua. Kamba ndiyo iliyopungua."

Wazee wakakubaliana nami. Mama akapiga vigelegele, nami nikabebwa juu juu hadi nyumbani. Basi mwulize mwalimu wako, kwa adabu, hizo nyota anazipimia nini, na kama kipimo chenyewe ni kikavu.

Babu yako

Nimesahau: kamba ilipokauka, wazee walipima tena. Shamba lilikuwa limekua kweli.