Bibi Harusi Aliyepanda Sanduku

Mjukuu wangu Mishi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Msambweni tu wazima, na yule mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeniuliza kama kuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kushika kazi ya umeme kabla yako. Yuko, ni mimi.

Miaka ya hamsini nilipelekwa kwa mume kisiwani Funzi kwa motaboti ya kukodi. Tulikaa chumba cha ndani ya boti, mapazia yamefungwa nisionekane. Somo yangu, mwanamke aliyenifunda, alikuwa hajamaliza kunipamba, mara taa iliyozamishwa darini ikaungua. Fundi wa boti hakuweza kuingia, maana mwali haonwi. Akapenyeza globu mpya mlangoni, akasema, "Nimezima. Ile ya zamani isukumeni juu, muizungushe kidogo, itatoka."

Wenzangu wote walikuwa wafupi, mrefu nilikuwa mimi tu. Nikalivuta sanduku langu la nguo chini ya taa.

"Bibi harusi apande sanduku?" Somo alihamaki.

Nikapanda, hina mikononi, chombo kinayumba. Globu ilipokaa sawa nikasahau kwamba mwali hasemi, nikapaza sauti: "Fundi, washa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Vile vya harusi, Mishi, nimevisahau. Vya taa ningali navisikia.

Bibi yako