Mama Alivyojisemea Kortini

Offinso, Jumatano

Kaka Boadu,

Hatujambo, na kakao imezaa vizuri. Mama amenishangaza. Miezi mitatu alitwanga fufu ya mihogo akikariri vitenzi vya Kiingereza nilivyomfundisha, vya jana, vya leo na vya kesho.

Jana, kwenye kesi na yule anayedai aliuziwa shamba letu, mkalimani aliposimama, Mama alimwambia, "Kaa, baba, nitajisemea."

Akaeleza kwa Kiingereza alivyolima, alivyopanda, anavyovuna hadi leo, bila kujikwaa. Hakimu akaweka kalamu chini, akamsikiliza.

Kisha akamwonyesha karatasi ya mauzo, akamuuliza saini ya muuzaji ni ya nani. Mama akaitazama sana, halafu akamgeukia mkalimani.

"Mwambie Kiingereza kimeniishia."

Saini yako tunaijua, mimi na Mama, kaka.

Mdogo wako,
Serwaa