Rundo la Pale Kona

Baba,

Shikamoo. Leo ni Jumapili. Nimetoka ibadani, nimevua viatu, nimekaa kwenye kile kiti chako cha uani ambacho hukupenda mtu akikalie, na shajara yangu ipo mapajani. Ungenikuta hivi ungenitania kama siku zote: "Mama, unaandika nini tena? Mungu ana makarani wake wa kutosha." Uliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na hata uliponigombeza ulinigombeza kwa heshima. Siku hizi wanaonigombeza ni watu wa ofisini, na heshima hawana.

Nakuambia mapema kwamba nimekasirika, ili usisubiri salamu za majirani. Salamu zipo, zitakuja. Hasira ndiyo imenikalisha hapa.

Filimbi yako ninayo. Niliikuta kwenye mfuko wa lile koti la kijivu, imefungwa kwa kamba ya kiatu kama ulivyoiacha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla jua halijapanda, ulitembea nayo mtaa mzima, balozi wa nyumba kumi aliyeuchukulia ubalozi kama ukuu wa mkoa. "Amkeni! Mji unanuka na nyinyi mmelala!" Mama Neema alikuwa anakujibu kutoka jikoni kwake, mikono imejaa unga wa vitumbua: "Balozi, hivi hiyo filimbi unalipwa?" Na wewe: "Filimbi yangu, pumzi ya Mungu, mtaro wenu! Toka na koleo!" Watu walicheka, lakini walitoka. Maduka yamefungwa mpaka saa nne kama ilivyoagizwa, kila nyumba iko mbele ya mtaro wake, na wewe unapita unakagua, suruali umeikunja, koleo begani.

Uliamini, Baba. Hilo ndilo linaloniuma. Ulitoka kijijini Mbebe, ambako ganda la ndizi linarudi shambani na majivu yanarudi mgombani, ukaja Tunduma ukakuta kitu kinaitwa taka. Ukaambiwa na watu wa ofisi ya mji kwamba kina utaratibu wake, nawe ukaushika utaratibu huo kama mtu anavyoshika dini. Tuzibue mtaro, tope na chupa na mifuko tuvirundike kando ya barabara ya mtaa, pale kona ya mashine ya kusaga, halafu gari la taka lipite kubeba. Sisi tuzoe, wao wabebe. Ada tulilipa.

Tulizoa. Gari halikupita. Mvua ikinyesha tope linarudi mtaroni lilikotoka, na Jumamosi nyingine unapuliza filimbi tunalitoa tena. Lile lile. Nilikuambia nimeshalijua kwa sura, ukanikataza kejeli. "Gari litakuja, Mama. Mji una mitaa mingi." Kila mwezi uliwatetea. Kila mwezi rundo lilinenepa mpaka likala nusu ya barabara, na wewe ukawa unapanga mawe kulizunguka ili angalau lionekane lina adabu.

Halafu wakaleta la bajaji. Foleni ya malori ya mpakani imeziba barabara kuu, hilo kila mwenye macho analiona. Malori yanalala pale, madereva wanapika ugali chini ya tela. Badala ya kuyatafutia malori mahali pa kukaa, wakaziondoa bajaji. Mnyororo ukafungwa pale zinapoingilia barabara kuu, mgambo akawekwa, tangazo likapita kwa kipaza sauti: bajaji zote zitumie barabara za mitaa. Sasa barabara ya mtaa wetu kuelekea hospitali ni moja tu, na ndiyo hiyo yenye rundo. Watu wa usafi walituambia tuweke taka barabarani. Watu wa usafiri wakatuambia tupite barabarani. Ofisi zao ziko jengo moja, Baba, zinatazamana, katikati kuna korido na ndoo ya kunawia mikono. Hakuna aliyewahi kuivuka ile korido.

Ile Jumatatu sijaiandika hata kwenye shajara. Nimeandika "Jumatatu. Baba." na ukurasa uliobaki uko mweupe.

Uliamka ukasema kifua kimebana, kama mtu amekukalia. Nikamwita Ambakisye, yule wa bajaji ya kijani ambaye ulizoea kumwambia anaendesha kama aliyeiba. Siku hiyo aliendesha polepole kwa ajili yako. Jumamosi tulikuwa tumezoa, Jumapili mvua ikanyesha kutwa, na tulipofika kona tukakuta rundo limebomoka pamoja na mawe yako yote, limelala barabara nzima, jeusi, linameremeta. Ambakisye akajaribu. Tairi la mbele likazama. Tukashuka kuivuta bajaji nyuma, wewe umebaki ndani umeshika chuma, jasho linakutoka, unasema, "Poleni, wanangu. Poleni." Unatupa pole sisi!

Tukageuza mpaka kwenye mnyororo. Nikamwonyesha mgambo, mgonjwa huyu hapa, tazama midomo yake. "Bajaji hairuhusiwi. Pita mtaani." Mtaani kuna taka. "Taka ni idara nyingine, dada."

Nikamkamata shati. Ndiyo, mimi, uliyenisomesha mpaka kidato cha nne ili nisiwe mtu wa kukamata watu mashati. Na aliyenizuia ni wewe. Uliinua mkono, ukasema kwa sauti ndogo, "Mwache, Mama. Kijana yuko kazini." Dereva mmoja wa lori, Mzambia, alikuwa anapiga mswaki pembeni. Alisogea kukusalimu, "Mulishani, bashikulu?" Alipoiona hali yako akaacha mswaki mdomoni, akaanza kumfokea mgambo kwa Kibemba, povu linamtoka. Mnyororo haukufunguliwa.

Tukarudi. Ambakisye akakubeba mgongoni, akavuka nawe juu ya rundo. Kandambili yako moja ilibaki mle. Upande wa pili tukapata pikipiki, mimi nimekushika kwa nyuma, kichwa chako kwenye bega la kijana tusiyemjua. Hospitali walikupokea vizuri, sina neno nao. Lakini ulikuwa umeshaacha kunijibu.

Sisemi taka zilikuua. Daktari alisema ni moyo. Nilimuuliza kama tungewahi ingekuwaje, akatazama chini, akasema hajui. Na mimi sijui. Hilo la kutojua ndilo walilonipa niishi nalo, na ndilo nisilowasamehe.

Tulikupandisha Mbebe. Wakubwa wa mji walituma mwakilishi kwa gari zuri. Gari hilo lilipata njia. Alisimama kaburini akasema mzee alikuwa mfano wa kuigwa katika usafi wa mazingira, kwamba hata leo ukipita mtaani kwake unaiona kazi ya mikono yake. Mama Neema akasema, kwa ile sauti yake anayodhani ni ya kunong'ona, "Tunaiona. Inanuka." Shemeji zako wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nilicheka kaburini kwako, Baba. Nilicheka, halafu nikakaa chini kwenye udongo wako.

Nilirudi mjini nikaanza kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha. Usafi wakasema suala la njia kuzibwa ni la usafiri. Nikavuka korido. Usafiri wakasema kinachoziba ni taka, hiyo ni ya usafi. Nikavuka tena. Nikaandika barua mbili, moja kila upande, nikagonga milango yote miwili siku ile ile. Mwishowe yule bwana wa usafi akawa ananiona kwa mbali anacheka: "Dada yetu wa korido, karibu chai!" Nilitaka kummwagia.

Na kweli, hatua zikachukuliwa. Mwezi uliofuata filimbi haikulia, hakuna aliyezoa, lakini rundo liliendelea kukua kwa sababu watu wameshazoea kutupa pale. Ndipo watu wa usafi wakaja na bango. NI MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA, na chini yake faini. Wakalichimbia juu ya rundo! Pale pale walipotuambia tuweke. Limesimama wima kabisa, maana limeshikwa na tope letu.

Wiki iliyopita mtendaji wa mtaa alikuja hapa uani. "Sekela, filimbi isife na mzee. Watu wamekuzoea, chukua wewe." Nilikuwa namtazama Neema, yule binti wa Mama Neema, anapita pale kona ameinua gauni, mkono mmoja tumboni, mwingine ameshika bango asianguke. Anasubiri kujifungua, siku zimekaribia. Mama yake anafanya utani kama kawaida: "Mjukuu wangu atazaliwa juu ya rundo la balozi. Nimpe jina gani? Marufuku?" Lakini juzi nilimkuta anatembea ile njia peke yake, anapima kwa macho kama machela inaweza kupita. Hakuwa anacheka.

Basi jana nilipuliza.

Nilipuliza kama wewe, ndefu moja, fupi mbili. Mbwa wakabweka. Watoto wa pale mashineni wakatoka wanapiga kelele, "Balozi amefufuka!" Watu wakatoka na makoleo yao, na wengine walikuwa wanajifuta machozi, nisikufiche. Nikawaambia: leo hatugusi tope mpaka gari la taka lionekane kwa macho. Si kusikika, kuonekana. Mama Neema akageuza ndoo yake, akaikalia. Wengine wakageuza zao. Mtaa mzima umekaa kwenye ndoo, Baba, kama tunasubiri picha ya harusi.

Akaja bwana afya na pikipiki na kitabu chake cha faini. "Kiongozi hapa nani?"

"Kiongozi amekufa," Mama Neema akamwambia. "Alikuwa anasubiri gari."

Akasema gari ni bovu. Ambakisye akasema na makoleo yetu ni mabovu tangu asubuhi. Akasema atamwandikia faini kila mmoja. Mwenye mashine ya kusaga akamwambia aanze na yeye, tena aandike jina kamili, asikosee. Hakuna aliyeinuka. Bwana afya akatutazama, akalitazama rundo na bango lake juu, akasogea pembeni akapiga simu. Simu moja. Mama Neema alikuwa ametugawia chai, kikombe changu nimekishika kwa kanga kwa sababu kinaunguza.

Gari lilifika chai yangu haijapoa.

Lilikuja, Baba. La bluu, tairi nzima, dereva ameshiba, mafuta yamo. Wala halikuwa bovu. Watu walishangilia, wakalirukia rundo kwa makoleo, Mama Neema anaimba, bango likang'olewa likatupwa juu pamoja na taka nyingine. Mimi niliweka kikombe chini nikaenda nyuma ya mashine nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Miezi yote hiyo uliyokuwa unawatetea, kumbe ilikuwa simu moja tu. Hawakukosa gari. Walikosa sababu. Wewe ulikuwa unawapa utii, na kwa mtu anayetii kila mwezi kuna haja gani ya kumpigia simu dereva?

Usichukie nikisema hivyo. Sikulaumu. Nawalaumu walioutumia wema wako kama kizimba cha taka.

Nilikaa pale mpaka koleo la mwisho, natafuta kandambili yako. Sikuiona. Barabara iko wazi sasa, imebaki alama nyeusi tu, na jana jioni Ambakisye aliipita na bajaji kwenda na kurudi bila abiria, anapiga honi, mjinga yule, na mtaa mzima unampungia.

Lakini mnyororo bado upo. Kesho ni Jumatatu. Tutakwenda pale asubuhi mimi, Ambakisye, Mama Neema na ndoo zetu. Sitamkamata mtu shati. Nakuahidi hilo la kwanza, kwa sababu uliniomba. Tutasema neno moja, mgonjwa apite, na tutakaa mpaka mtu avuke ile korido.

Ahadi ya pili ni ya filimbi. Haitalia tena mtaani kwetu kabla gari halijasimama pale kona. Ulinifundisha kwamba sisi tunazoa na wao wanabeba. Nimegeuza tu: wao waje, ndipo tuzoe. Nadhani ungeguna kidogo, halafu ungekunja suruali.

Majirani wote wanakusalimu. Mwenye mashine anasema bado anasikia viatu vyako.

Lala, Baba. Huko juu kuna ukungu na migomba na hakuna kinachoitwa taka. Neema akijifungua nitapanda Mbebe mwenyewe, nisimame ulipo, nikuambie mtoto ni nani na walipita njia gani.

Mwanao uliyemwita Mama,
Sekela