Sentensi Yako ya Wimbo wa Saba

Mkami, rafiki yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kumjulia mtu hali. Nimejaribu, nimeshindwa. Niruhusu nianze na kazi yetu.

Makala yetu ya Nusu Saa, albamu ya Lila Mwendo, bado ipo, haijafutwa. Ila ile sentensi yako ya mwisho, ya wimbo wa saba, ilibandikwa alama ya "chanzo kinahitajika" wiki ileile tuliyokuzika. Aliyeibandika ni Nukta Mkato, mbishi wako. Hakujua kwamba umefariki. Tangu hapo nimetembea na swali moja tu: niifute sentensi ya mwisho uliyoiandika hapa duniani, au niitetee? Sasa ninalo jibu, ndiyo maana naandika.

Mama yako ameomba nimsomee barua hii nikimaliza, na mambo ya mtandaoni yeye yanampita. Kwa hiyo usinicheke nikieleza hata unayoyajua.

Ilianza pale shuleni Butiama, kwenye chumba cha kompyuta, Jumamosi moja ambayo mtandao ulikuwa umeamua kufanya kazi. Bweni zima lilikuwa linaimba nyimbo za Lila Mwendo, hadi kiranja wa usafi alikuwa anadeki kwa mdundo wa "Sabuni ya Kipande". Tukaitafuta albamu kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kumsahihisha. Kwa Kiingereza kulikuwa na makala ndefu. Kwa Kiswahili hakuna kitu. Ukasema, "Yaani mtu anaimba Kiswahili halafu anaelezwa kwa Kizungu? Hapana bwana. Nyamisi, kaa hapa."

Nikakaa. Mimi nilisoma shule ya msingi ya Kiingereza Musoma, nyumbani tunaongea Kijita, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa cha vitabuni, kimepigwa pasi. Wewe ulikuwa na Kiswahili cha stendi ya Bunda na cha kanisani, vyote viwili. Mimi natafsiri, wewe unavunjavunja. Niliandika, "Albamu ilipata mwitikio chanya kutoka kwa wahakiki." Ukaangalia kioo, ukaniangalia mimi. "Nani anaongeaga hivyo? Andika: wahakiki waliisifu." Nikaandika. Mpaka leo nikiandika insha nakusikia begani.

Akaunti tulifungua moja, kwa jina lako, kwa sababu mimi niliona aibu hata jina langu kuonekana. Nyuma ya kila makala kuna ukurasa wa majadiliano ambapo wahariri wanabishana, na wewe pale ndipo ulikuwaga nyumbani. "Mwenzangu anasema tarehe hiyo si sahihi." "Mwenzangu hajaipenda hiyo aya." Nukta Mkato, ambaye hatujawahi kumjua ni nani wala yuko mkoa gani, akachoka. Akauliza, "Huyo mwenzako anayesema kila kitu, yupo kweli?" Ukamjibu, "Yupo babu, ila anaona aibu hata mbele ya kompyuta." Nilikufinya. Ulicheka mpaka mwalimu akatutoa nje.

Na sheria ilikuwa yako. Bila chanzo ni umbea. Nilipoandika kwamba wimbo wa "Jirani wa Ghorofani" unamsema msanii fulani, kwa sababu kila mtu anajua, ulifuta nikiwa natazama. "Kila mtu siyo chanzo," ukasema. Nilinuna mchana kutwa, hata maharage yangu niliyala nimekupa mgongo.

Halafu selimundu ikakurudisha nyumbani. Tulishazoea. Unaenda, unaongezewa damu, unarudi na vituko vya wodini. Safari hii uliandika ukiwa kitandani, kwa simu ya mama. Sisi shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo sikuweza kukuuliza kitu. Niliikuta tu sentensi: "Wimbo wa saba, 'Kanga ya Mwaka Jana', aliutunga akiwa stendi ya Bunda akisubiri basi la Musoma." Na pale mhariri anapoeleza alichobadilisha umeandika, "Nimesikia akihojiwa redioni. Chanzo naweka kesho."

Hiyo kesho, Mkami. Sijui niiweke wapi.

Likizo ilipofika nilianza kutafuta. Nilisikiliza mahojiano ya Lila Mwendo kwenye simu ya kaka yangu Masatu mpaka akauliza, "Huyo Lila ndiye atakayeniwekea bando?" Lila anaongelea Dar, anaongelea bibi yake, anaongelea mchumba aliyemkimbia. Bunda haitaji. Hiyo haimaanishi hakuwahi kuitaja, ila nilikosa pa kushika.

Ndipo nikamwendea Magesa wa darasa letu, yule mwenye blogu ya muziki, kwao Nyasho. Nilimweleza nikiangalia viatu vyake. Akasema, "Sentensi moja tu? Hiyo mbona nakuwekea sasa hivi." Akaibandika kwenye blogu yake kama ilivyo. Mimi nikaingia kwa akaunti yetu, yaani yako, nikaweka blogu ya Magesa kuwa chanzo, nikaondoa alama. Nilijisikia kama nimekupelekea maua kaburini.

Siku iliyofuata Nukta Mkato akaandika kwenye majadiliano: "Mkami, blogu hii imeandikwa jana, na maneno ni yaleyale ya makala. Mto haunywi maji yake. Mimi ulinibana kwa kosa dogo kuliko hili. Umepatwa na nini?"

Nilizima simu. Alikuwa anakuuliza wewe. Kwake ulikuwa hai, na umeanza udanganyifu. Na aliyekufanya hivyo ni mimi, niliyetaka kukutetea. Nilikaa na maneno yale, umepatwa na nini, na nisingeweza kuyajibu kwa jina lako, wala langu sikuwa nalo mle ndani. Asubuhi nikaazima tena simu ya Masatu, nikapanda basi kwenda Bunda. Nyumbani niliaga kwamba naenda kumsalimia mama Mkami. Moyoni nilijiambia naenda kuuliza habari za redio.

Nilimkuta uani, anachambua pamba kwenye turubai, anatenga iliyo nyeupe na iliyochafuka. Alinisogezea nafasi pembeni yake kama vile nilikuwepo jana. Nikachambua kwanza. Baadaye nikauliza ulikuwa unasikiliza redio gani kule wodini.

"Alikuwa na zile nyaya masikioni," akasema. "Mimi naona kichwa kinatikisika tu."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Ila nikwambie, mwanangu. Huyu alikuwaga anaumia na Bunda yake. Anasema watu wote wanapita hapa, huyu anaenda Mwanza, huyu anaenda Musoma, hakuna anayesema nimefika. Inawezekana alisikia. Inawezekana alitaka tu iwe hivyo."

Wazo hilo nilikuwa nalikimbia tangu msibani. Yeye alilitoa taratibu, kama anavyotoa jani kavu kwenye pamba.

Mama, nikifika hapa kukusomea, nisamehe, lakini uliniambia niandike yote.

Sijui, Mkami. Nimejipima kama ningekuwa na hasira endapo uliitunga, na hasira siioni. Namwona mtu amelala na dripu mkononi, anataka mji wao nao uingie kwenye wimbo mara moja. Halafu nakuona pia umesikia kweli, umekaa wima ghafla, unatafuta simu ya mama uandike kabla hujasahau. Yote mawili ni wewe. Nikichagua moja nitakuwa nakupunguza.

Mama yako akaomba aone hiyo kazi tuliyokuwa tunaifanya. Nikafungua historia ya ukurasa, mahali ambapo kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya na maneno aliyosema, hata kama baadaye lilifutwa. Nikamsomea ya kwako. "Nimepunguza Kizungu." "Mwenzangu alikuwa sahihi, mimi mkaidi." "Babu Nukta, acha ubishi, chanzo hiki hapa." Alicheka kwa sauti, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, nyuzi za pamba zikabaki kwenye kope. "Huyu ni yeye kabisa," akasema. Halafu kidole chake kikashika mstari wa juu. Tarehe aliiona, kusoma anajua. "Na hili je?"

Lilikuwa badiliko la blogu. Jina lako, na wewe ulikuwa umeshazikwa, hapo hapo nyuma ya nyumba.

"Hilo ni mimi, mama."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikung'uta kanga yake, akasema, "Basi mtoe humo. Marehemu hasemewi."

Nilifungua akaunti yangu nikiwa nimekaa pale pale kwenye turubai. Nyamisi, basi. Nikaandika kwenye majadiliano, mara yangu ya kwanza: "Mimi ndiye mwenzake Mkami. Mkami alifariki. Kuweka blogu kama chanzo ni kazi yangu, si yake, na nilimwomba mwenye blogu aandike. Nimeondoa. Naomba radhi." Nilisoma, nikaandika upya, nikasoma tena. Mama yako akauliza, "Bado?" Nikabonyeza.

Jibu lilikuja nimesharudi Musoma. "Pole sana. Kumbe upo." Na chini yake: "Sentensi yake inaweza kubaki na alama. Mimi sina haraka nayo."

Babu yako Nukta ana roho nzuri, Mkami. Tulimwonea.

Ningeweza kuiacha basi. Ruhusa nilishapewa. Nilikwenda hadi Mwigobero, kando ya ziwa, nikakaa kwenye mawe, wanawake wanaanika dagaa, wananiuliza kama nimetumwa au nimefukuzwa nyumbani. Nikaifikiria alama ile. Inamwambia kila anayesoma: huyu usimwamini bado. Ungebaki umesimama mlangoni hivyo, na kila apitaye anakutazama mara mbili. Na wewe mwenyewe usingekubali. Wewe hukuwa mtu wa kusubirishwa.

Nikarudi nyumbani, nikaikata sentensi. Ni kubonyeza mara moja tu, lakini ilibidi nimpe Masatu simu anishikie kwanza, nikanawe uso.

Ila sikuitupa. Niliihamishia kwenye majadiliano, neno kwa neno, nikaipa kichwa: "Wimbo wa saba: nani alisikia?" Nikaeleza kwamba Mkami wa Bunda aliandika kuwa alisikia mahojiano haya redioni, na kama kuna mwingine aliyesikia, atuambie ni redio gani na kipindi gani. Nikasaini jina langu. Pale sentensi yako haidai kitu kwa mtu. Inauliza.

Habari nyingine ni ndogo. Kitanda chako bwenini, tangu kabla ya likizo, amepewa binti wa kidato cha kwanza kutoka Mugango, anakoroma kama boti la injini, na ukimwamsha anaomba samahani kwa Kijita. Mwalimu wa kompyuta ameniomba tukifungua shule niwafundishe wenzangu kuhariri. Nimemwambia nitafikiri, ambayo kwangu mimi, unajua, ni karibu sana na ndiyo. Magesa amefuta ile sentensi kwenye blogu yake bila kuambiwa, halafu akaja kunieleza akiwa anaangalia viatu vyangu.

Na kuna mtu ameshajibu lile swali. Hatumjui. Anasema anadhani aliyasikia mahojiano hayo, Lila alisema kweli aliutunga wimbo akisubiri basi, ila yeye anakumbuka ilikuwa stendi ya Lamadi. Lamadi, Mkami, majirani zenu wa njia ya Mwanza. Nilicheka peke yangu mpaka Masatu akachungulia. Nikaona jinsi ambavyo ungemrukia, ungemwambia Lamadi hakuna mtu anayekaa akatunga kitu, kuna vumbi tu na mishikaki.

Mimi nimemjibu kwa adabu, nimemuuliza redio gani. Bado hajarudi.

Ninachokuahidi ni hiki. Akirudi nitamjibu mimi, na atakayekuja baada yake nitamjibu mimi, kwa jina langu. Chanzo kikipatikana kikasema Bunda, sentensi yako itarudi kwenye makala kama ulivyoiandika, sitagusa hata koma. Kikisema Lamadi, nitaandika Lamadi, na wewe utanisamehe.

Pumzika, Mkami. Kesho nampelekea mama yako barua.

Nyamisi