Mshono Niliousifu

Jumatatu, 3 Machi

Binti wa kaka kaniletea kwadi yake, ile pikipiki ya matairi manne anayoshindania. Iko hoi. Fremu ina ufa chini ya kiti. Mikono ya mbele, inayoshika matairi kwenye fremu, imepinda yote minne. Na tope! Limekaukia mpaka kwenye nyaya. Nimesonya mpaka mdomo umechoka.

Mashindano ni Jumapili ya tarehe 16. Akiwa kwenye watatu wa kwanza anaingia timu kubwa. Miaka miwili anaisubiri. Anataka fremu nyingine, imara zaidi, na mikono mipana isije ikampindua kwenye kona. Nichague mimi. "Shangazi, jicho lako halidanganyiki." Kweli halidanganyiki.

Kaka kauliza kwa nini nisiitengeneze mwenyewe, si mimi ni fundi wa kuchomelea? Nilijaribu mwaka jana, seti sita za mikono. Niliagiza chuma kigumu, nikaletewa mabomba ya maji yenye zinki, nikachomelea kwa ukaidi wangu tu. Moshi wake ulinilaza siku mbili natetemeka, mdomoni utamu mchafu. Mkono wa kwanza nilipoubamiza sakafuni ukajikunja. Zote sita zikaenda na mzee wa vyuma chakavu. Sirudii.

Alhamisi, 6 Machi

Maduka manne ya spea. Kinyaa kitupu!

Wa kwanza anapaka kila kitu oili ili king'ae. Na yeye mwenyewe kajimwagia marashi, kichwa kimeniuma. Kanitolea fremu "ya mashindano, mama, mpya." Nikatoa ufunguo wa nyumba, nikakwaruza. Puti ya kuzibia! Unene wa kidole, na chini yake ufa. Nikamwambia maiti hii umeipaka poda. Akacheka — eti wateja wanataka rangi. Ptuu!

Wa tatu alikuwa anakula karanga juu ya boksi la boljointi, vile viungo vya matairi. Chumvi juu ya chuma! Nimeondoka bila kuaga.

Lakini anayenichefua kuliko wote ni yule aliyeitupa ile fremu nzima nzima. Marehemu mwalimu wangu hakuwa na mzaha hapo: kibovu kikate vipande viwili, ndipo ukitupe. Anayetupa bila kukata ni mchafu kuliko anayeokota na kuuza. Nimelisema hilo dukani mbele ya wateja, kwa sauti ya juu.

Ijumaa, 7 Machi

Fremu imepatikana. Imetumika, haijapakwa kitu. Nimepima kwa uzi, tundu hadi tundu — sawasawa. Nitaiongezea vyuma vya pembeni. Kaka ananuna kwa sababu haing'ai. Kaka na kung'aa! Hata viatu vyake vya kazini vinang'aa, maana kazi yenyewe haviioni.

Jumamosi, 8 Machi

Mikono imepatikana!

Kiduka kidogo nyuma ya stendi. Maboksi matatu, mikono myekundu, stika ya maandishi nisiyoyajua. Nilishaandaa msonyo. Kisha nikaona mshono.

Jamani. Mshono wa mtu anayejua kazi. Umetulia, haukimbii, na mwisho wake unarudi nyuma hatua moja ili usiache shimo. Hivyo hivyo alivyotufundisha mwalimu. Pengine huyo fundi, huko aliko, tumepitia mikono ya mtu mmoja. Nimesimama pale naupapasa kwa kidole mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Ufunguo sikuutoa. Kukwaruza kazi kama ile ni utovu wa adabu. Kaka kafurahi, ni nyekundu. Kwa mara ya kwanza maishani tumekubaliana.

Jumatano, 12 Machi

Imefungwa, imejaribiwa. Binti karuka kifusi cha mchanga mara sita, anashuka anacheka. Tairi la kushoto limelala kidogo kwa ndani. Nimerekebisha nati, limenyooka. Yeye kashaitangazia klabu nzima kwamba shangazi yake ndiye aliyechagua. Nimejifanya sijasikia.

Ijumaa, 14 Machi

Tairi limelala tena. Upande uleule. Nimekaza nati.

Jumamosi, 15 Machi. Saa tisa alasiri

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Kwadi iliondoka kifusini saa sita, ikaja hapa kwangu kwa kazi ndogo ya mwisho: kishikio cha bomba la breki, juu ya mkono wa kushoto. Nimeondoa rangi nyekundu kwa grenda, nikawasha moto. Moshi mweupe. Na utamu ule, ule mchafu, ukanijaa kooni.

Nimezima. Nimetema. Nimetema tena.

Nimekwangua rangi yote kwenye pembe. Zinki. Nimepitisha tupa, imezama kama kwenye sabuni. Mkono umeinama, ndiyo maana tairi linalala. Na ule mshono uliotulia, unaorudi nyuma hatua moja — ni wangu! Ni mimi huyo! Nilisimama dukani nikajisifu mwenyewe kama punguani.

Zile seti sita sikuzikata. Nilikuwa na homa, nilikuwa na hasira, mzee wa vyuma chakavu alikuwa mlangoni, nikamwambia beba. Kukata kungenichukua nusu saa. Nyani haoni kundule. Na vile nilivyopayuka mbele ya wale wateja! Kinyaa kitupu, na safari hii ni mimi.

Nimefunga mlango kwa komeo. Nimeufungua mkono wa kushoto wa juu, nikaukata vipande viwili. Wa chini, vipande viwili. Ya kulia nayo. Kwadi imepiga magoti katikati ya karakana. Mikono mingine ya kufunga kabla ya kesho haipo.

Kaka yuko nje na pikapu, anapiga honi. Nilishapanga la kusema. Nitasema muuzaji ni tapeli, katuuzia mbuzi kwenye gunia. Wataamini, nimewatukana wauzaji wiki nzima. Binti atalia, atanikumbatia, ataniambia bora uliona mapema. Mwakani atashindana tena.

Binti anagonga. "Shangazi, umeshamaliza? Fungua basi." Nimemwambia asubiri kidogo.

Anaongea na mimi mlangoni, ana furaha. Anasema rafiki yake wa klabuni, mwenye kwadi namba saba, naye kafunga mikono myekundu kama yake. Wa namba kumi na mbili vilevile. Maboksi mawili yaliyobaki yalichukuliwa Jumatatu, baada ya wao kusikia kwamba shangazi kapitisha. Wako nje, kwenye pikapu. Wamekuja kunisalimia.

Siwezi kusema ni muuzaji. Nikisema ni muuzaji, watamkimbilia, atawaapia kwamba mali ni nzima na ataonyesha mshono. Mshono utawaridhisha, na kesho watashindana nayo. Mimi uliniridhisha.

Vipande vinane viko mezani. Nimeshalishika komeo la mlango. "Shangazi," anasema, "mbona kuna harufu ya kuungua?"