Aliyefunga na Bakuli la Chakula

Mwenzangu, nimejiaibisha vibaya. Usicheke.

Unajua mume wangu anafunga Kwaresima hii. Lakini kila asubuhi ananiomba chakula cha kubeba, na bakuli linarudi limeoshwa kwa sabuni ambayo si yetu. Aliyefunga anambebea nani chakula? Nikasema hapa pana mwanamke.

Leo nimemfuata hadi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Nimesukuma mlango nikiuliza, "Yuko wapi huyo mwanamke?"

Kitandani alikuwa kaka wa mume wangu. Ndiyo, yule yule aliyeuza kiwanja cha mama yao kwa siri! Mikono yote miwili imevunjika, imefungwa plasta, na mume wangu anamlisha kwa kijiko.

"Mwanamke gani, shemeji?" akasema, mdomo umejaa. "Labda mimi."

Nikamuuliza mume wangu kwa nini alinificha.

"Ungetaka ushahidi kwamba amebadilika. Sina. Ila kushinda njaa huku nimemnunia ndugu yangu, hiyo si Kwaresima."

Ushahidi hana! Hana, na bado anamlisha.

Mimi yule shemeji simwamini hata sasa. Lakini simu ya mume wangu ikaita, akanipa kijiko akatoka nje, na yule mtu akafungua mdomo akiningojea.

Nikamlisha, huku nimemkazia macho.