Mama na sindano ya walaji sukari

Jumanne, Kasulu

Mama alifunga sukari kwa Kwaresima, na kwa mantiki yake asiyekula sukari hahitaji sindano ya kisukari. Wiki nzima hakujidunga. Chai alikunywa bila sukari, ugali wa muhogo akala kama kawaida.

Leo nimemkuta anahema kama aliyepanda mlima na mzigo. Pumzi inanukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nikamleta hospitali.

Daktari alinieleza bila kuzunguka. Muhogo nao hugeuka sukari tumboni. Bila sindano, sukari hiyo inabaki kwenye damu, na mkojo unaitoa pamoja na maji na chumvi. Mwili unabaki na njaa, unaunguza mafuta yake, na mafuta hayo yanaacha tindikali. "Hiyo tindikali ndiyo itamuua, mzee wangu."

Nilimweleza Mama kwa Kiha, taratibu. Miaka yote hii kazi yangu ni kueleza watu mambo.

"Hiyo dripu ina sukari?" aliuliza.

"Ni maji ya chumvi, Mama."

"Hiyo sawa. Sindano ni ya walaji. Unataka kusema nimekula?"

"Hakuna anayesema hivyo."

"Basi wasinichome."

Nilimpigia paroko aje azungumze naye. Yuko Kibondo, atafika kesho.

Jioni Mama aliacha kuitika. Muuguzi aliniuliza kama achome. Nikasema achome.

Akiamka atasema nimemfanya mwongo mbele ya wodi nzima. Aamke tu, aseme.